Mama Mkwe na Vyumba Vyangu vya Masimba

Mtu aliyenifundisha kujenga vyumba vya kupangisha hatujawahi kushikana mkono, wala sitarajii kumshika mkono maisha yangu yote. Ni mama mkwe wangu. Kwetu Kisii kuna heshima tunayoiita chinsoni, na heshima hiyo inamtaka mwanamume na mama mkwe wake wakae mbalimbali. Hampeani mkono. Hamli meza moja. Mkikutana kwenye njia nyembamba, mmoja anaingia majanini ili mwenzake apite. Mwanamume haendi zaidi ya sebule ya mama mkwe wake, naye mama mkwe halali nyumbani kwa mkwe wake hata mvua ikinyesha mawe. Najua siku hizi kuna watu wa mjini wanaokumbatiana na mama wakwe zao na kupiga picha. Wafanye watakavyo. Sisi bado hatujafika huko, na mimi binafsi sina haraka.

Mimi ni fundi wa nguo pale Masimba. Nashona sare za shule, na msimu wa harusi nashona magauni hadi macho yananiuma. Baba yangu alipofariki aliniachia kipande cha shamba kinachoanzia barabarani na kuteremka hadi kijitoni, chembamba kama mkanda. Nyumba yangu iko katikati. Sehemu ya juu, ile inayopakana na barabara, ilikuwa na chai aliyoipanda yeye mwenyewe.

Ndiyo chai niliyotaka kuing'oa ili nijenge vyumba vya kupangisha. Masimba ilikuwa inakua, watu walikuwa wanatafuta mahali pa kukaa, na chai ilikuwa inalipa kwa kusuasua. Ndugu zangu waliposikia walinitazama kama mtu aliyetaka kuuza kaburi la mzee. Niliwaelewa. Chai ukishaing'oa umeng'oa. Vyumba vikikosa watu, ningebaki bila chai na bila kodi, nikiwa na watoto wa shule na mke aliyekubali mpango huo kwa kuniamini tu. Nilikuwa na nafasi moja, na sikuwa nimewahi kujenga hata banda la kuku.

Kama wanaoanza wengi, nilikwenda kutafuta ushauri mbali. Mjini Kisii kulikuwa na mkutano wa wawekezaji wapya katika ukumbi wa hoteli. Jamaa mwenye viatu vinavyong'aa alisimama mbele yetu akatuambia tufikirie makubwa. Tukapiga makofi. Nami nikafikiria makubwa njia nzima hadi Masimba. Nikamtafuta mchoraji, akanichorea nyumba nne za kupanga, kila moja na sebule ambamo wazee wa mahari wangeketi wote bila kugusana magoti.

Hilo ni gonjwa letu, nalisema bila kuona haya kwa kuwa ninalo. Mkisii akijenga anaanza na sebule. Anawaza wakwe watakapokuja, watu wa kanisa watakapokuja, na waombolezaji siku ambayo Mungu atamwita. Chumba cha kulala kinaweza kuwa kidogo kama kabati, lakini sebule lazima wageni waione wanyamaze. Sikujiuliza hata mara moja kama mtu anayelipa kodi mwezi kwa mwezi ana wageni wa namna hiyo.

Mke wangu aliitazama ile ramani, akaigeuza, akaitazama tena.

"Kuna mtu vyumba vyake havijawahi kukosa watu," akasema, "na wewe unaenda kulipia ushauri mjini."

"Nani huyo?"

"Mama."

Nilicheka, kisha nikaacha kucheka. Mama mkwe wangu anaishi Nyansiongo, upande wa Borabu, kule ambako mashamba ni mapana kwa sababu yalikuwa ya walowezi. Mumewe alipofariki alimwachia ng'ombe, mahindi na watoto wadogo. Akajenga vyumba viwili vya udongo kando ya barabara iendayo kwenye kiwanda cha chai, akawapangisha wafanyakazi. Vile vya udongo vikazaa vya mbao, vya mbao vikazaa vya mawe. Siku nilipomwoa binti yake tayari alikuwa na mistari mitatu ya vyumba, na kila mlango ulikuwa na pazia. Nilijua hayo yote. Sikujua tu jinsi ya kumwomba ushauri mtu ambaye hatuwezi kukaa pamoja.

Tulikwenda Jumapili moja, mimi, mke wangu na watoto. Nililetewa kiti barazani. Mama mkwe alikuwa jikoni, nyuma ya ukuta uleule nilioegemea, anakoroga uji. Mke wangu akasimama mlangoni, katikati yetu.

"Muulize mama alianzaje," nikasema.

Mke wangu akageuza kichwa. "Mama, anauliza ulianzaje."

"Nimesikia," sauti ikatoka jikoni. "Mwambie nilianza na mbili."

"Anasema alianza na mbili."

"Nimesikia," nikasema. "Muulize alijuaje pahali pa kujenga."

Tukaendelea hivyo, swali likipita mlangoni na jibu likirudi, kila mtu akisikia kila kitu mara mbili. Uji wangu ukapoa. Mwishowe mke wangu akachoka. "Mimi si waya wa simu," akasema, na akaenda zake kuwaona ng'ombe na watoto. Tukabaki wawili na ukuta. Nilisikia kuni zikilia motoni. Nikakohoa. Naye akakohoa. Nilikuwa nawaza namna ya kuaga wakati simu ilipolia mfukoni mwangu.

"Mkwe, habari ya huko nje?"

Ilikuwa sauti yake. Niliisikia sikioni, na niliisikia pia ikitoka dirishani.

"Nzuri, mama," nikajibu, na sijui kwa nini nilisimama wima.

"Hii chinsoni yetu imekataza mkono, imekataza meza. Simu haikutajwa," akasema. "Sasa uliza vizuri."

Nikamweleza habari ya chai, ya ramani, ya zile nyumba nne na sebule zake. Hakunikatiza. Nilipomaliza akauliza, "Hizo nyumba unajengea nani?"

"Wapangaji, mama."

"Wapangaji gani?"

"Watu wazuri. Watu wenye kazi zao."

"Unawajua?"

Ningeweza kumtajia kipimo cha kiuno cha kila mwalimu wa Masimba, lakini sikuwa na habari hata mmoja wao analala wapi.

"Basi nenda uulize hawa watu wangu," akasema. "Lakini usiulize kitu gani wanapenda. Watakuambia kila kitu ni mzuri, wakiogopa niongeze kodi. Uliza kitu gani inawaudhi."

Nilizunguka vyumba vyake mchana ule wote. Mwanzoni watu waliniogopa, wakidhani nimetumwa. Kisha kijana mmoja wa kiwandani akaanza, na akishaanza mmoja wengine hawashikiki. Mvua ya kwetu mnaijua, huja alasiri karibu kila siku na haimwulizi mtu. Nguo zilizoanikwa asubuhi zinaloa saa kumi. Jiko likiwekwa nje linazimika, likiwekwa ndani moshi unalala nawe kitandani. Mahindi yakitoka nyumbani kwa gunia hayana pa kuanikwa. Mwalimu mmoja, msichana aliyekuwa anasahihisha madaftari mlangoni, nilimwuliza kama anahitaji sebule. Akanitazama kwa mshangao.

"Mimi natoka asubuhi narudi giza ikiingia," akasema. "Sebule nitakaa na nani?"

Na mama mmoja wa mitumba akaniambia, "Wewe niwekee pahali pakavu pa jiko na kamba ya nguo chini ya bati. Mimi nitahama leo, usimwambie mwenye nyumba." Tulicheka sote, ingawa nadhani hakuwa anatania sana.

Jioni, tukiwa tumesharudi Masimba, mama mkwe akapiga simu kunipa hukumu yake. Ondoa sebule zote. Jenga vyumba vya mtu mmoja mmoja, mstari mmoja, na mbele yake weka baraza pana lenye paa, pana kuliko unavyofikiri. Kisha akaongeza jambo ambalo lilinichoma zaidi: milango isitazame nyumbani kwako. "Mpangaji akiingia kwake hataki kuona wewe umekaa unamwangalia. Atajiona mtoto wa hiyo boma. Geuza mlango iangalie barabara, na yeye awe na geti yake."

Nilikasirika. Nasema wazi, nilivimba kama chura. Nilikuwa nimeota nikiketi kwangu jioni nikitazama milango yangu yote, na sasa ningetazama migongo ya vyumba! Nilimwambia mke wangu maneno ambayo nisingethubutu kumwambia mama yake hata kwa simu. Nikasema Nyansiongo si Masimba. Nikasema mambo ya vyumba vya udongo yamepitwa na wakati. Nikasema ile ramani imelipiwa.

Mke wangu aliendelea kukunja nguo za watoto. "Ukishona sare," akauliza, "unapima mtoto ama unajipima wewe?"

Nilinuna siku kadhaa, nikishona kwa fujo hadi sindano zikavunjika. Lakini swali hilo lilikaa nami pale kwenye cherehani, maana kila mtoto aliyeingia nilimpima. Wiki iliyofuata niliitoa ile ramani kwenye bomba lake, nikaitandaza mezani, nikaikata iwe kiolezo cha kola. Karatasi yake ilikuwa nzuri sana, kola zangu zimekaa vizuri tangu siku hiyo.

Kabla hatujaanza, mama mkwe akataka kuliona shamba. Alikuja alasiri, akashuka upande wa pili wa barabara na hakuvuka. Alisimama chini ya mwavuli wake mweusi, mimi nikasimama kwenye chai, magari yakipita kati yetu, na simu masikioni. Alikuwa ameichagua saa hiyo makusudi. Mvua ikashuka. "Usikimbie," akaniambia. "Angalia maji inapita wapi." Nikasimama nikiloa, nikaona maji yakiteremka kwa kasi mahali palepale nilipokuwa nimepanga kuweka choo. Watu wa steji, pale magari yanaposimama, walinitazama nikipunga mkono na kuongea peke yangu katikati ya mvua, na najua walichosema.

Siku ya kung'oa chai nilishindwa. Nilishika jembe, nikalitazama shina la kwanza, mikono ikakataa. Nilimwona baba yangu ameinama pale na kikapu mgongoni. Kaka yangu mkubwa, yule aliyenipinga kuliko wote, ndiye aliyenipokonya jembe. "Toka hapo," akasema, akapiga. Wakaingia na wengine. Kufikia jioni udongo mwekundu ulikuwa uchi hadi barabarani, na kuni za chai zilitosha kila nyumba ya ukoo wetu.

Vyumba vikapanda. Mstari mmoja wa mawe, milango ikitazama barabara, baraza pana mbele yake hadi fundi wa ujenzi akaniuliza kama nataka watu wacheze mpira humo. Tukapaka rangi. Tukaweka geti. Nikatundika kibao kwenye nguzo, kisha nikajipiga kifua mbele ya kaka yangu, nikamwambia mwezi hautaisha kabla vyumba havijajaa.

Mwezi ukaisha. Mwingine ukaja, nao ukaondoka. Watu walikuja kuona, hilo siwezi kukana. Waliingia, wakafungua bomba, wakakanyaga baraza, wakasifu, wakaenda. Muuguzi wa zahanati alikuja mara mbili, akashika hadi kitasa, akasema atanipigia. Hakupiga. Pale steji vijana wakaanza kuyaita majengo yangu makao ya panya. Kaka yangu hakusema neno, na kunyamaza kwake kuliniuma kuliko maneno ya vijana. Nilikuwa naamka kabla ya jogoo, natoka nje, naitazama migongo ya vile vyumba. Mke wangu aliacha kununua sukari bila kuniambia. Nilipogundua, nilikwenda nyuma ya nyumba nikampigia mama yake.

"Mama," nikamwambia, "nimeng'oa chai ya baba yangu bure."

Hakunituliza. Aliuliza, "Watu wanakuja kuangalia?"

"Wanakuja. Wanasifu. Wanaenda."

"Kabla waende, wanauliza nini?"

Nikafikiri. "Wanauliza nani mwingine anakaa hapa."

"Na wewe unawaambia nini?"

"Ukweli. Hakuna mtu."

"Hata mimi chumba ya kwanza ilinitoa machozi," akasema. "Hakuna mtu anataka kulala peke yake kwa ploti tupu. Anaogopa wezi, na anafikiri wengine wamejua ubaya fulani yeye hajui. Ngoja Sabato ipite." Akakata.

Sabato ikapita. Jumapili asubuhi nilikuwa napiga pasi sare pale barazani kwangu niliposikia gari likipiga honi kwenye geti la wapangaji. Nikazunguka mbio. Ilikuwa pikapu, na juu yake kulikuwa na kitanda, godoro lililofungwa kwa kamba, jiko, gunia la mahindi na kuku waliofungwa miguu. Nikasema moyoni, mama amenitumia mmoja wa watu wake, labda yule wa mitumba, Mungu ambariki.

Mlango wa pikapu ukafunguka, akashuka mama mkwe mwenyewe, na mkoba wake wa kanisani.

Nilirudi nyuma upesi, nikajificha nyuma ya ukuta kama itakiwavyo. Mke wangu alinipita mbio, mikono imejaa unga. Nilimsikia akipaza sauti, "Mama, kuna nini? Nani mgonjwa?" Kisha simu yangu ikalia.

"Mkwe, ile chumba ya mwisho huku upande wa bonde iko na mtu?"

"Haina mtu, mama."

"Nimechukua. Nyansiongo nimeachia kijana wangu na bibi yake, wamekua, wajaribu. Kodi ni ile unaambia watu wengine?"

"Mama, wewe hulipi. Nitachukuaje kodi kutoka kwako? Watu watasema nini juu yangu?"

"Sikiza vizuri," akasema, na sauti yake ilikuwa ya upole, si ya mwenye nyumba wa Nyansiongo. "Nisipolipa mimi ni mgeni wako. Na nikiwa mgeni wako siwezi kulala hapa hata siku moja, wewe unajua. Hii miaka yote nimekuja kuona wajukuu nikiangalia saa, nikikimbilia gari. Nikilipa kodi, hapa ni kwangu. Mlango yangu haiangalii kwako, geti ni yangu, mimi ni mpangaji. Sasa unataka kunikataza nikae karibu na msichana wangu?"

Nilikuwa nimesimama nyuma ya ukuta wangu mwenyewe, simu sikioni, nalia kama mtoto, na nilishukuru chinsoni kwamba hakuna aliyeniona.

"Mkwe? Uko?"

"Niko, mama. Karibu."

"Basi andika risiti. Na ile bomba ya nje inavuja, wapangaji wako hawatapenda."

Simu ikatoa mlio. Kodi ilikuwa imeingia.

Alasiri mvua ikaja kama kawaida yake. Chini ya baraza jiko la mama mkwe lilikuwa linawaka, nguo zake zimetanda kwenye kamba, mahindi yameanikwa juu ya gunia, na kuku wamefungwa kwenye nguzo wakilalamika. Muuguzi wa zahanati alikuwa anapita na mwavuli. Alisimama getini, akachungulia.

"Kumbe mko na watu?" akaniuliza pale nilipokuwa nimesimama, mbali na baraza.

"Tuko na watu," nikamjibu. Aliingia kuongea na mama mkwe, na nilipomwona muuguzi ameketi juu ya ndoo anakula mahindi ya kuchoma, nilienda kutafuta ufunguo wa chumba cha pili.

Jioni watoto waliketi mezani wakingoja ugali. Mke wangu alikuwa amevaa kanga safi. Alipakua sahani moja, akaifunika kwa nyingine, akasimama mlangoni kidogo kama mtu aliyesahau jambo, kumbe alikuwa anatafuta saa ukutani kwa mazoea ya kuhofia mama atakosa gari. Kisha akatabasamu, akatoka, akaizunguka nyumba polepole kwenda kula kwa mama yake. Mimi nikawagawia watoto ugali.